Kahawa ya Kivu: ulimi wa nani unapanga bei?

Kule Musompo, soko la madini karibu na Kolwezi, mchimbaji akileta mfuko wa kobalti, mnunuzi anaweka mashini ya Metorex juu ya jiwe. Namba inatoka, bei inafuata. Wachimbaji wengi wanalalamika: mashini ni ya mnunuzi, na wao hawana namna ya kuihakikisha. Walimaji wa kahawa wa Kivu nao wanauzisha kwa namba. Lakini yao haitoki katika mashini, inatoka katika ulimi wa mtu.

Pointi zinatolewa namna gani?

Waonjaji wanachoma kahawa kidogo, wanaisaga, wanaimwangia maji moto, kisha wanaivuta kwa kijiko na kuitema. Wanaandika alama za harufu, ladha, uchachu, uzito mdomoni na ladha inayobaki. Jumla ni 100. Katika mfumo wa zamani wa SCA, chama cha kimataifa cha kahawa bora, Arabika iliyofika 80 ilihesabiwa kuwa ya pekee. Hiyo ndiyo wanunuzi wanaweza kuongezea bei juu ya ile ya soko la New York. Ikibaki 79, ilikuwa kahawa ya kawaida.

Zimebadilisha nini?

Zamani familia nyingi zilikuwa zinamenya kahawa nyumbani na kuianika chini. Mingi ilivushwa kwa mitumbwi ziwa Kivu, kwenda kuuzishwa Rwanda, na watu walikufa maji. Vyama vya ushirika, sawa vile SOPACDI kilichoanza Minova mwaka 2003, vilileta vituo vya kuoshea kahawa. Pale kazi ni nyingine: kuchuma matunda mekundu tu, kuyachagua, kuyamenya, kuchachusha, kuosha, kuanika juu ya meza.

Juu ya nini taabu yote hiyo? Kahawa iliyooshwa vizuri inatoa uchachu safi ambao waonjaji wanaupa alama. Wanakamata pia ladha ya kiazi kibichi, inayohusishwa na mdudu antestia. Punje moja mbaya inaharibu kikombe kizima.

Divai ilipitia njia hii

Robert Parker, Mmarekani, alianzisha gazeti lake la divai mwaka 1978, akitoa pointi mpaka 100. Sifa alizotoa kwa divai za Bordeaux za 1982 zilimpa jina. Alipenda divai nzito, za zabibu zilizoiva sana, zenye harufu ya mapipa mapya ya mwaloni. Pointi zake zilipandisha bei, na watengenezaji wengi wakafuata ulimi wake. Wapinzani walisema divai za sehemu mbalimbali zilianza kufanana.

Na mlimaji?

Pointi zimeleta makuta katika vijiji ambavyo vilikuwa vinauzisha kwa hasara. Lakini walimaji wengi hawajaonja kahawa yao wenyewe ikiwa imechomwa vizuri, na mtu asiyeonja hawezi kubishana. Mwaka 2023 SCA ilileta mfumo mpya: kueleza ladha ni kitu kimoja, kuipenda ni kingine. Katika Kivu, kuna vyama vilivyofundisha waonjaji wao, hata wanawake, ili pointi zijulikane mbele mnunuzi hajafika.

Mchimbaji anayejua nguvu ya jiwe lake anaingia depo na sauti. Kwa kahawa ni vilevile.