Radiumu ya Katanga na Ugonjwa wa Mama Zetu

Sisi watu wa Bunia twasikia habari za dhahabu ya Kilo na Moto tangu utoto. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa nchi yetu ilitoa pia dawa ya ugonjwa mbaya wa akina mama, yaani kansa ya mfuko wa uzazi.

Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre walivumbua radiumu huko Paris. Kitu hiki hutoa nguvu isiyoonekana kwa macho, nayo yaweza kuua nyama ya kansa. Lakini kilikuwa haba mno. Gramu moja ilishinda bei ya dhahabu mara elfu nyingi. Ndipo mwaka 1915 urani ikaonekana Shinkolobwe, katika Katanga. Tangu 1922 mawe yale yalisafishwa Olen, Ubelgiji, na bei ikashuka hata machimbo ya Marekani yakashindwa. (Urani ya Shinkolobwe ilitumika pia kwa bomu la Hiroshima, 1945, hiyo ni habari nyingine, na ya huzuni.)

Huko Stockholm mganga James Heyman, katika miaka ya 1930, aliujaza mfuko wa uzazi vichupa vidogo vya radiumu, vingi pamoja, ili nguvu ifike kila pembe. Wanawake wengi walipona. Siku hizi radiumu imeachwa, kobalti na iridi zimeshika mahali pake. Lakini mali iliyotoka Kongo haikurudi upesi kwa mama wa Kongo. Hata jirani zetu wa Uganda walipata taabu: mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Mulago, iliyokuwa ya pekee katika nchi yao, iliharibika, na wagonjwa wakangoja zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Basi, akina mama, shikeni neno moja. Mwanamke aliyekoma kuona siku zake, kisha damu ikarudi, hata kidogo, asidhani ujana umerudi, wala asifiche kwa haya. Mganga atatoa kipande kidogo cha nyama ya ndani ya mfuko, kazi iliyojulikana tangu miaka ya 1840, kwa chombo cha Récamier, kipate kuangaliwa kwa mikroskopu. Ugonjwa ukiwa haujatoka nje ya mfuko, mara nyingi kuuondoa mfuko kwa kisu kwatosha, pasipo mashine yoyote.