Bunduki ya moshi: silaha ambayo Berlin haikuona haja ya kuibadilisha

Vita vilipoanza mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, zawadi kubwa kuliko zote ambayo askari Mwafrika wa jeshi hilo aliweza kupewa haikuwa nishani wala fedha. Ilikuwa bunduki iliyotekwa kutoka kwa adui. Hayo aliyaandika kamanda wake mwenyewe, Paul von Lettow-Vorbeck, katika kumbukumbu alizozitoa baada ya vita, tena anayataja kwa kupita tu. Mimi siwezi kuyapita. Ujerumani ya wakati ule ilikuwa na viwanda vya silaha vilivyosifika duniani kote, na bunduki yake ya Mauser ya 1898 ilinunuliwa na kuigwa na mataifa mengi. Ilikuwaje basi askari wake wa Tanga, Tabora na Iringa wategemee silaha nzuri kutoka kwa maiti na mateka wa Waingereza?

Bunduki waliyokabidhiwa ilikuwa Mauser ya 1871. Iliundwa mara tu baada ya Wajerumani kuwashinda Wafaransa na kujiunga kuwa dola moja, na kwa wakati wake ilikuwa silaha bora. Mtutu wake ulikuwa na kipenyo cha milimita 11, na donge la risasi lililotoka humo lilikuwa na uzito wa gramu 25 hivi. Ilibeba risasi moja tu kwa wakati mmoja. Askari alifungua komeo, akatia risasi, akafunga, akalenga na kufyatua, kisha akaanza upya. Jeshi la Hermann von Wissmann, lililojaa Wasudani walioandikishwa Misri, lilitua nayo pwani mwaka 1889 kupigana na Bushiri bin Salim na wenzake wa Pangani na Bagamoyo.

Ila kubwa ya bunduki hiyo ilikuwa baruti yake. Ni baruti nyeusi ya tangu zamani, mchanganyiko wa chumvi ya shura, makaa na kiberiti. Inapoungua, zaidi ya nusu yake haigeuki kuwa hewa, bali hubaki vumbi na masizi. Sehemu huganda ndani ya mtutu na kuuchafua, na sehemu hutoka mdomoni kama wingu jeupe. Kila anayefyatua huinua wingu juu ya kichwa chake. Kombania nzima ikipiga kwa pamoja, askari wenyewe hawaoni mbele, ilhali adui aliye mbali anajua hasa pa kulenga.

Huko Ulaya shida hiyo ilikuwa imekwisha zamani. Mfaransa Paul Vieille alipata baruti isiyo na moshi mwaka 1884, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likawa na bunduki ya Lebel iliyoitumia. Majeshi mengine yakataharuki. Ujerumani ikatoa bunduki mpya mwaka 1888, haikuridhika nayo, na kufikia 1898 ikapata ile Mauser maarufu ya milimita 7.92 iliyopakiwa risasi tano kwa mkupuo. Kwa hiyo mwaka 1914 kijana wa Kijerumani aliyeingia jeshini Berlin alipewa silaha ya kisasa, na askari wa Kinyamwezi aliyeingia jeshini Tabora, chini ya bendera ileile, alipewa bunduki ambayo huenda ilimzidi umri.

Lettow-Vorbeck anaeleza hoja ya waliotaka iwe hivyo. Walisema bunduki ya 1871 inamfaa zaidi askari mweusi, kwa kuwa hajawahi kupelekwa kupigana na adui mwenye silaha za kisasa. Kazi yake ni vita vya wenyeji, na katika vita hivyo donge kubwa la risasi ni faida, na moshi si kitu. Katika hoja hiyo adui anayefikiriwa ni mmoja tu, Mwafrika mwenye mkuki. Jeshi lile lilichaguliwa silaha za kuwapiga watu wa nchi hii, na lilizitumia hivyo hasa. Katika Vita vya Maji Maji, kuanzia 1905 hadi 1907, bunduki hizohizo na bombomu za Maxim ziliwaangusha watu walioamini kuwa risasi zitageuka maji. Kwa vita ya namna hiyo, moshi haukumsumbua mtu yeyote huko Berlin.

Wenye nchi walijua thamani ya silaha iliyotekwa kabla ya askari hao. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Wajerumani chini ya Emil von Zelewski pale Lugalo, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya watu wake, na bunduki zikabaki mikononi mwa Wahehe. Mwaka mmoja kabla, mataifa ya Ulaya yalikuwa yameafikiana Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara. Wabelgiji nao hawakuwa tofauti na Wajerumani. Vita vilipoanza, wengi wa askari wao wa Kongo walikuwa bado na Albini, bunduki nyingine ya kizamani ya kutia risasi mojamoja.

Lettow-Vorbeck alifika Dar es Salaam Januari 1914 na kukuta jeshi la kombania kumi na nne. Chache tu kati ya hizo zilikuwa zimeanza kupewa bunduki mpya. Miezi saba baadaye adui akawa Mwingereza, mwenye Lee-Enfield ya risasi kumi isiyotoa moshi, na hoja ya miaka yote ikaanguka mara moja. Kamanda anakiri kuwa mashabiki wa bunduki ya 1871 walibadili mawazo. Hata porini, ambako watu hupigana wakiwa hatua chache tu kati yao, aliyepiga bila moshi alibaki hajulikani alipo, na mwenye moshi alijitaja mwenyewe. Gharama ya mashabiki hao kubadili mawazo ilikuwa miili ya askari, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Kuanzia hapo bunduki mpya zikawa zinapatikana vitani. Mapema Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, mbele ya watetezi wapatao 1,000. Walishindwa vibaya, na walipokimbilia melini waliacha mizigo yao ufukweni. Humo mlikuwa na bunduki za kutosha kombania tatu, bombomu, na risasi laki kadhaa. Vitabu vingi vya vita hivyo hupenda kukaa juu ya nyuki waliowashambulia wanajeshi pale Tanga. Ngawira ile ilikuwa na uzito zaidi, maana bila hiyo sidhani kama jeshi la Lettow-Vorbeck lingevuka mwaka 1915.

Lakini bunduki ya kuteka ina sharti lake, nalo ni risasi. Ya 1871 ilitaka risasi ya milimita 11, ya 1898 ikataka ya 7.92, na ya Mwingereza ikataka ya 7.7. Hakuna iliyoingia katika mtutu wa mwenzake, na kiwanda cha karibu kilikuwa ng'ambo ya bahari iliyozingirwa na manowari za Uingereza. Januari 1915 jeshi lilishinda pale Jasini, mpakani kaskazini mwa Tanga, likatumia risasi 200,000. Lettow-Vorbeck akapiga hesabu na kuona kuwa kwa akiba iliyobaki anaweza kupigana mapigano matatu tu ya aina hiyo.

Meli mbili zikamwokoa. Ya kwanza, Rubens, iliyojisingizia kuwa ya Denmark, ilikaribia pwani Aprili 1915, ikapigwa na manowari Hyacinth na kuzama maji mafupi katika ghuba ya Manza. Waingereza waliiona ikiungua wakaondoka. Kumbe shehena ya chini, bunduki za kisasa na mamilioni ya risasi, ilikuwa bado inaokoleka. Wapiga mbizi walizitoa, lakini maji ya chumvi yalikuwa yameingia ndani ya risasi. Ikabidi zifunguliwe mojamoja, baruti ianikwe ikauke, fataki zibadilishwe, kisha zifungwe tena. Kazi hiyo ya mikono iliendelea kwa miezi, na kwangu ni tendo la kijeshi lisilo dogo kuliko ushindi wa Tanga. Meli ya pili, Marie, ilifika salama Sudi, karibu na Lindi, Machi 1916. Shehena yake ilikuwa imefungwa tangu Ujerumani kwa vipimo vya mizigo ya wapagazi, na wapagazi ndio walioipandisha bara kwa vichwa vyao.

Hata hiyo ilikwisha. Katikati ya Oktoba 1917, pale Mahiwa, jeshi lilipigana siku nne mfululizo na kumaliza karibu risasi zake zote zisizo na moshi. Bunduki kuukuu ikarudi kazini. Lettow-Vorbeck alilazimika kupunguza watu, si kwa kukosa watu walio tayari bali kwa kukosa risasi za kuwapa, na akavuka Ruvuma na askari wapatao 1,700. Tarehe 25 Novemba 1917 walikuta kambi ya Wareno pale Ngomano, wakaivamia, wakapata bunduki mamia na risasi 250,000. Mauser za Wareno za milimita 6.5 zikachukua nafasi ya bunduki nyingi za moshi, na sasa kikosi kikawa kinalishwa na maghala ya Msumbiji, kambi baada ya kambi, hadi Nhamacurra mwezi Julai 1918.

Mwaka mmoja kamili baada ya Ngomano, tarehe 25 Novemba 1918, jeshi hilo liliweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia. Walikuwapo Wajerumani 155 na askari 1,168, pamoja na wapagazi, wanawake na watoto. Waingereza walihesabu mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37 ambazo 30 kati yake zilikuwa za Kiingereza, na bunduki 1,071, zote za Waingereza na Wareno. Bunduki ya kisasa kutoka Ujerumani haikuwamo hata moja.