Mbunge wako na haki za wafanyakazi: utajuaje alisimama upande gani?

Kila Mei Mosi inapokaribia, mnatupigia simu na kutuma ujumbe mkiuliza jambo moja kwa maneno tofauti: huyu mbunge wetu, wafanyakazi wanapobanwa, yeye huwa upande gani? Mkata mkonge wa Korogwe anauliza habari ya kima cha chini cha mshahara. Mwalimu wa Pangani anayekaribia kustaafu anauliza habari ya kikokotoo. Kibarua wa bandarini Tanga anataka kujua nani alimsemea Dodoma.

Jibu fupi ni kwamba mara nyingi hakuna karatasi inayoonyesha mbunge fulani alipiga kura gani. Lakini hilo halina maana kwamba mbunge hapimiki. Katika makala haya tunaeleza kura za Bunge hupigwaje, ni mambo gani ya wafanyakazi hayapiti kwenye kura kabisa, na unawezaje kulinganisha kazi ya mbunge wako na madai ya vyama vya wafanyakazi.

Bungeni kura hupigwaje?

Muswada wa sheria husomwa mara tatu. Ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati, na huko ndiko wadau huitwa kutoa maoni, vikiwemo vyama vya wafanyakazi. Mara ya pili waziri hueleza madhumuni yake na wabunge huchangia. Kisha Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima na kupitia kifungu kimoja kimoja. Baada ya hapo muswada husomwa mara ya tatu, na ukipita hupelekwa kwa Rais kutiwa saini.

Katika hatua hizo, uamuzi kwa kawaida hufanywa kwa sauti. Anayeongoza kikao huuliza, wanaokubali husema ndiyo, wasiokubali husema siyo, naye hutangaza upande ulioshinda. Taarifa Rasmi ya Bunge, ile ambayo wengi huiita Hansard, huandika tu kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Majina hayaandikwi. Mbunge aliyesema ndiyo kwa nguvu, aliyenyamaza na aliyekuwa nje ya ukumbi, wote wanafichwa na sentensi hiyo moja.

Bajeti kuu ya Serikali ni tofauti. Hapo kila mbunge huitwa kwa jina na kutamka kura yake, na majina huingia kwenye kumbukumbu. Lakini kura hiyo ina uzito wake. Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Tena, kwa ibara ya 71, mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni hupoteza ubunge. Anayesema hapana anajua anachokiweka rehani. Na "ndiyo" moja ya bajeti hubeba mambo mengi kwa pamoja: nyongeza ya mishahara, kodi mpya, barabara na madeni. Huwezi kuichukua peke yake ukasema mbunge huyu anawapenda au hawapendi wafanyakazi.

Mambo makubwa yasiyopigiwa kura

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Baadhi ya maamuzi yanayogusa mfuko wa mfanyakazi hayafanywi kwa kura ya wabunge.

La kwanza ni kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi. Chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kima hicho hutangazwa na waziri wa kazi kwa amri, baada ya kupokea mapendekezo ya bodi ya mishahara ya sekta. Kwa wafanyakazi wa kilimo, wakiwemo wa mkonge na chai, amri ya mwaka 2013 iliweka shilingi 100,000 kwa mwezi. Amri iliyofuata ilianza tarehe 1 Januari 2023 na kuweka shilingi 140,000. Kati ya hizo mbili ilipita miaka tisa na nusu, na bei ya unga haikusubiri. Amri nyingine ilitangazwa Oktoba 2025 na kuanza Januari 2026. Katika muda wote huo hakuna mbunge aliyepiga kura ya kupandisha au kukataa kupandisha. Alichoweza kufanya ni kuuliza swali, kuchangia bajeti ya wizara na kumbana waziri. Kwa hiyo kipimo cha haki hapa ni kujua kama aliuliza.

La pili ni kikokotoo cha mafao. Januari 2018 Bunge lilipitisha sheria iliyounganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. Lakini kiasi ambacho mstaafu angelipwa kwa mkupuo kiliwekwa kwenye kanuni, na kanuni hutungwa na Serikali. Mtumishi aliyezoea kusikia asilimia 50 akakuta asilimia 25. Vyama vilipiga kelele, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli akaagiza vikokotoo vya zamani viendelee hadi mwaka 2023. Kuanzia Julai 2022 kikaja kikokotoo kipya cha asilimia 33. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2024 Serikali ikatangaza kupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani.

Mbunge akikwambia, "Mimi sikupigia kura asilimia 25," anaweza kuwa anasema kweli. Swali la kumuuliza ni jingine: wakati muswada wa 2018 ulipoacha jambo hilo liamuliwe kwenye kanuni, ulisema nini?

Yako pia mambo ambayo Bunge huyaamua lenyewe. Januari 2025 lilipitisha marekebisho ya sheria za kazi ambayo, pamoja na mengine, yaliongeza likizo ya mama aliyejifungua mtoto njiti. Hapo michango ya wabunge ni ushahidi mzuri wa nani alijali nini.

Mfano wa Kawawa na wafanyakazi wa mkonge

Ili kuona jinsi kazi ya kumpima mwanasiasa ilivyo ngumu, tumchukue mtu ambaye wazee wa Tanga wanamkumbuka vizuri: Rashidi Mfaume Kawawa.

Kawawa alitoka ndani ya vyama vya wafanyakazi. Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL, lilipoundwa mwaka 1955, yeye ndiye alikuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Miaka hiyo mkonge ulikuwa uti wa mgongo wa uchumi, na Tanga ndiyo ilikuwa makao makuu ya chama cha wafanyakazi wa mashamba hayo. Manamba walioletwa kutoka mikoa ya mbali walikuwa wakiishi kambini na kuhesabiwa kazi kwa kipande. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mashamba yalikumbwa na migomo, ukiwemo ule wa Mazinde. TFL na TANU zilikwenda bega kwa bega hadi uhuru.

Tarehe 22 Januari 1962 Kawawa akawa Waziri Mkuu, na mwaka huohuo Serikali yake ikapeleka bungeni sheria zilizobadilisha mambo. Sheria moja ilitaka kila mgogoro wa kazi upite kwenye usuluhishi na kisha kwenye baraza ambalo uamuzi wake unafunga pande zote, hivyo mgomo wa halali ukawa karibu hauwezekani. Nyingine iliwazuia watumishi wa Serikali wenye mshahara wa juu kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Ya tatu iliipa Serikali mamlaka zaidi juu ya vyama vyenyewe na fedha zao. Waziri aliyesimamia kazi, Michael Kamaliza, naye alikuwa ametoka kwenye vyama.

Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba nchi changa haiwezi kumudu migomo. Viongozi wa vyama walijibu kwamba mfanyakazi anapokonywa silaha pekee aliyonayo. Mmoja wao alikuwa Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba na rais wa TFL. Januari 1963 alipelekwa kuishi Sumbawanga kwa amri ya Serikali. Kawawa wakati huo alikuwa Makamu wa Rais. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL ikafutwa kwa sheria, na mahali pake ikawekwa NUTA, ambayo Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais.

Ukiishia hapo utasema Kawawa aliwageuka wenzake. Lakini faili lina ukurasa wa pili. Mwaka huohuo wa 1962 ilitungwa sheria ya kiinua mgongo kwa mfanyakazi anayeachishwa kazi. Kima cha chini kipya kilianza mwaka 1963. Mwaka 1964 ukaundwa mfuko wa akiba wa wafanyakazi, NPF, ambao ndio mama wa NSSF ya leo. Na ukurasa wa pili nao una doa: mishahara ilipopanda, wenye mashamba ya mkonge walipunguza watu, na bei ya mkonge ilipoanguka katikati ya miaka ya 1960 maelfu walikosa kazi.

Basi tumpe alama ngapi? Kama mizani ni haki ya kugoma na uhuru wa chama, alama zake ni chache sana. Kama mizani ni malipo ya mfanyakazi aliyebaki kazini, alama zinapanda. Mwenye kuchagua mizani ndiye mwenye kuchagua jibu. Kwa hiyo kila anayekuletea orodha ya wabunge wazuri na wabaya, muulize kwanza amepima nini.

Wenzetu wanafanyaje?

Marekani, shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi, AFL-CIO, huchagua kura kadhaa za wabunge, husema upande upi unawafaa wafanyakazi, kisha humpa kila mbunge asilimia. Hilo linawezekana kwa sababu kura nyingi muhimu huko huandikwa kwa jina.

Kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka 2023 muswada wa fedha uliokuwa na makato ya nyumba kwenye mshahara ulipita hatua ya pili kwa kura 176 dhidi ya 81. Wafanyakazi wengi walinung'unika, lakini shirikisho lao, COTU, liliunga mkono makato hayo. Hapo kuna somo: matakwa ya uongozi wa chama na matakwa ya mwanachama si lazima yawe kitu kimoja. Kabla ya kumlaumu mbunge kwa kwenda kinyume cha chama, uliza kama chama chenyewe kilikusikiliza.

Maswali matano ya kumpima mbunge wako

1. Chama kilidai nini hasa? Anza na tawi lako. Kama uko shambani, TPAWU ndiyo hujadiliana na waajiri na kusaini mkataba wa hali bora. Walimu wana CWT, na vyama vilivyo chini ya TUCTA hutoa risala ya pamoja kila Mei Mosi. Andika madai mawili au matatu, yasiwe kumi.

2. Uamuzi ulikuwa wa nani? Ni Bunge, waziri, Rais, au mwajiri na chama mezani? Usimdai mbunge kura ambayo haikuwepo.

3. Alisema nini? Taarifa Rasmi hupatikana kwenye tovuti ya Bunge. Kama simu yako haina bando la kutosha, mwombe katibu wa tawi au mwalimu wa shule akusaidie kutafuta jina la mbunge na siku ya mjadala. Angalia maswali ya msingi, maswali ya nyongeza na mapendekezo ya kubadili kifungu. Pongezi peke yake usizihesabu.

4. Alikuwepo? Katika kura ya bajeti, kumbukumbu huonyesha pia wasiokuwepo.

5. Baada ya hapo alifanya nini? Serikali ikiahidi jambo bungeni, mbunge makini hurudi kuuliza limefikia wapi.

Mbunge akija kwenye mkutano wa hadhara, usimuulize, "Je, unawajali wafanyakazi?" Hakuna atakayejibu hapana. Muulize: "Mheshimiwa, tangu uchaguliwe, umeuliza mara ngapi bungeni habari ya mshahara wa mashamba ya mkonge, na waziri alikujibu nini?" Ibara ya 100 ya Katiba inalinda uhuru wake wa kusema ndani ya Bunge. Kwa hiyo kama hakusema, ana haki ya kueleza kwa nini, nawe una haki ya kusikia.

Ukipata jibu, liandike na tarehe yake, kisha litunze mpaka uchaguzi ujao.