Likoni kwa Miguu Minne

Chai ya Mogogosiek, kule kwetu Konoin, haikai Mogogosiek. Akina mama wanaichuma alfajiri umande ukiwa bado juu ya majani, lori la kiwanda linaipitia kwenye vituo vya kununulia, na baada ya kusagwa na kukaushwa inatiwa kwenye magunia ya karatasi. Kisha sisi madereva tunaiteremsha: Litein, Kericho, Nakuru, Nairobi, Mtito Andei, mizani ya Mariakani, hadi maghala ya Mombasa. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, na mwaka 1969 ukahamishiwa Mombasa, palipo na meli. Laiti ungebaki Nairobi, mimi mtu wa Konoin nisingeijua bahari, wala nisingekuwa na la kusema kuhusu feri ya Likoni.

Lori likisubiri zamu ya kushusha, dereva ana saa nyingi za kukaa bure. Wenzangu walilala kebini. Mimi nilitelemka kwa miguu hadi Likoni, nikakaa na wazee wanaouza kahawa na kashata, nikawauliza habari za kivuko. Naiandika historia hiyo kwa upande wa anayevuka kwa miguu, kwa sababu kwa upande wa gari na meli imekwisha kusemwa sana.

Mombasa ni kisiwa, na kila upande wake umewahi kuwa na shida ya kuvuka. Kaskazini, Nyali ilipata daraja la kuelea mwaka 1931, na hili la zege tunalopita leo likafunguliwa 1980. Kilifi nayo iliaga feri yake mwaka 1991 daraja lilipokamilika. Upande wa magharibi umeungwa na bara kwa reli na barabara tangu zamani. Kusini peke yake ndiko kulikobaki na maji, na sababu yake mtu yeyote anaweza kuiona akisimama ufukweni. Mkondo wa Likoni una upana wa kama mita 500 tu, lakini ndio mlango wa bandari ya Kilindini. Meli zote za makasha na za mafuta hupita hapo, na daraja lolote la kudumu lazima liwe refu kwenda juu kuliko meli hizo. Kwa hiyo miaka imepita, mipango ikaandikwa, na watu wakaendelea kuvushwa.

Feri ya Likoni ilianza mwaka 1937. Kabla ya hapo kulikuwa na mitumbwi na madau ya makasia. Kwa miaka mingi huduma hiyo iliendeshwa na kampuni ya mabasi, Kenya Bus, na mwaka 1989 likaundwa shirika la Kenya Ferry Services. Siku hizi vivuko viko chini ya Mamlaka ya Bandari. Wazee wa Likoni hawahesabu historia kwa mashirika. Wao wanahesabu kwa majina ya vyombo: enzi ya Nyayo na Harambee, enzi ya Kilindini, kisha mwaka 2010 zikaja Kwale na Likoni kutoka Ujerumani, na 2017 ikaja Jambo kutoka Uturuki. Mzee mmoja aliniambia anaitambua kila feri kwa mlio wa injini yake akiwa amelala nyumbani, na namwamini.

Gari hulipa, mwenda kwa miguu halipi. Ni jambo jema, na nalisifu, kwa sababu mfanyakazi wa Likoni hawezi kutozwa nauli kila asubuhi ili afike kibaruani. Lakini pale Likoni nimeona jinsi asiyelipa anavyopangwa. Watu zaidi ya 300,000 huvuka kwa siku, na wanasubiri wamesongamana nyuma ya geti. Geti likifunguliwa wanateremka mteremko kwa kasi, mikokoteni ya maji katikati yao, mbuzi, baiskeli, wenye magunia ya nazi kichwani. Chombo kilichoundwa kubeba magari kinajazwa watu pembeni na katikati, wamesimama.

Tarehe 29 Aprili 1994 asubuhi, kwenye kivuko jirani cha Mtongwe, feri iliyojaa wafanyakazi kupita kiasi ilipinduka mita chache tu kutoka ufukweni. Walikufa watu 272. Wengi walikuwa wanakwenda kazini kisiwani, kama walivyokwenda jana yake. Mama mmoja muuza mahamri kule Mtongwe alinionyesha mahali penyewe kwa kidole bila kusema neno, kisha akaendelea kufunga mahamri yangu kwenye gazeti. Tangu hapo, mwenyeji akiingia kwenye feri, hata kijana aliyezaliwa baadaye, hutazama kwanza maboya na milango. Watu wameizoea hofu hiyo hadi haionekani usoni.

Mimi nilikuja kuiona wazi kwa mbwa.

Dada yangu anafundisha Kwale. Aliponunua kiwanja na kujenga, aliomba mbwa wa nyumbani, wa ukoo tunaoujua, wa kulinda usiku. Nikampelekea Chui, dume la rangi ya majivu lenye madoa, aliyekulia pembezoni mwa msitu wa Mau akifukuza tumbili kwenye mahindi. Chui alikuwa mbwa shujaa kwetu. Alijua mto Itare na mto Kipsonoi, maji ya baridi yanayovukwa kwa mawe. Ofisa wa mifugo alimchoma chanjo na kuniandikia kibali cha kumsafirisha, nikamweka kebini kati yangu na turniboi, na njia nzima hadi Changamwe hakunisumbua. Alilala, aliamka, alinusa upepo wa Tsavo dirishani.

Likoni ilimshinda. Bahari ilikuwa imekupwa, na ilikuwa siku za bamvua, maji yanaposhuka sana. Wakati huo mteremko wa kwenda kwenye feri huwa mkali, zege lake lina mwani na utelezi, na ule ulimi wa chuma wa feri unasaga zege kila wimbi linapopita. Binadamu anasikia mngurumo tu. Mbwa anasikia sauti za juu ambazo sisi hatuzipati kabisa, na chini ya nyayo zake chuma kinatetemeka. Honi ikalia. Chui akalala chini kifudifudi, mkia tumboni, mate yanamdondoka, anatetemeka mwili mzima. Nikivuta kamba, anajivuta nyuma. Umati unateremka nyuma yetu.

Mzee mmoja mwenye kanzu na kofia ya vito alisimama, mkono mmoja ameinua kanzu yake.

"Ndugu yangu," akasema, "usimburure. Mnyama ameogopa. Lakini nakuomba mshike mdomo, kwani mimi naenda kuswali."

Nikamwambia, "Nisamehe, mzee wangu. Nimetoka mbali, sijui desturi za huku."

"Hapana kosa. Simama naye ubavuni huku, watu wapite. Feri haikimbii. Ikiondoka hii, inakuja nyingine."

Sisi wa bara tunapenda kusema kwamba watu wa pwani wanachukia mbwa. Si kweli, na ningependa wasomaji wa kwetu waliache neno hilo. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo kwayo mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi. Nguo au chombo kilichoguswa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Anayekwenda msikitini na kanzu safi ana haki ya kutopakwa mate ndani ya chombo kisicho na nafasi ya kukwepa. Mbwa mwenyewe hana kosa, na kumtesa hakuruhusiwi. Mzee yule alijua yote mawili, akanionyesha pa kusimama.

Sheria ya serikali kuhusu chanjo na kibali nayo ina sababu yake. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa karibu na Nairobi, na hakijatoka nchini tangu hapo. Ndiyo maana kuna sheria nzima ya ugonjwa huo, na ndiyo maana mbwa hahamishwi hivi hivi kama kuku. Mwaka 2014 serikali iliweka mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo ifikapo 2030. Abiria aliyesimama bega kwa bega na mbwa asiyemjua, kwenye sitaha isiyo na pa kukimbilia, ana haki ya kujua kwamba mbwa huyo amechanjwa.

Tuliziacha feri zikaenda hadi umati ukapungua. Maji yalikuwa yameanza kujaa, mteremko ukalegea. Mfanyakazi wa getini, bila kuombwa, akatupitisha mwisho, baada ya mikokoteni. Nikamfunga Chui mdomo kwa kitambaa, nikamtandikia gunia la chai juu ya chuma, nikachuchumaa mbele yake asione maji. Alitetemeka njia nzima. Hakubweka hata mara moja. Msichana wa shule alisogea akaniuliza kama anauma, nikamwambia anaogopa. Akajibu, "Hata mimi naogopa, lakini nimezoea."

Wakati wa Korona serikali iliweka daraja la kuelea la waenda kwa miguu pale Liwatoni ili kupunguza msongamano, na barabara ya Dongo Kundu sasa inampeleka mwenye gari Kwale bila kugusa feri. Haya yote ni mema. Lakini asubuhi ya leo Likoni bado imejaa, na waliojaa ni wale wale wa miguu. Naomba wanaosimamia kivuko wawawekee watu hawa kivuli cha kutosha na mteremko usioteleza maji yanapokupwa, na wenye wanyama wapewe ubavu wao na zamu yao ya kupita, kama yule wa getini alivyotufanyia kwa hiari yake.

Nawe unayetoka kwetu na mbwa wako kwenda kusini, chukua cheti cha chanjo na kibali kabla hujaondoka. Usimlishe saa za mwisho kabla ya kuvuka. Uliza wavuvi saa za maji, uende yanapojaa, baada ya msongamano wa asubuhi kuisha na kabla ya ule wa jioni. Mfunge mdomo, tandika gunia chini, na umsalimie mzee aliye karibu nawe kabla mbwa hajamfikia.