Eringeti: Wakati wapenzi wa mpira walipanda Fuso pamoja

Mbele ya Oktoba 2014, ekipi yetu ikienda kucheza Oicha ao Komanda, sisi wapenzi wa mpira tulijaa nayo ndani ya Fuso, tukiimba barabara yote ya kitaifa nambari 4. Kisha mechi, kidumu cha kasiksi kilizunguka na kikombe kimoja: waliofunga na waliofungwa walikunywa humo. Kukataa kikombe cha wenyeji ilikuwa matusi. (Dereva peke yake hakupewa, walau hadharani.) Giza likiingia, tulilala kwao.

Ndipo mauaji yakaanza wilayani Beni. Tarehe 29 Novemba 2015 Eringeti yenyewe ikashambuliwa, hata hospitali. Watoto waliozaliwa mwaka ule hawajalala Komanda kwa ajili ya mpira.