Kutoka Fito hadi Deni: Historia ya Istilahi Moja ya Usanifu wa Makanisa ya Uingereza

Katika makanisa ya Zama za Kati nchini Uingereza, waumini walitenganishwa na madhabahu kwa kizuizi. Kilatini kiliita kizuizi cha fito zilizopishana cancelli, na kwa kupitia Kifaransa jina hilo likahamia kwenye eneo lililo nyuma ya kizuizi, upande wa mashariki: chancel. Mzizi huohuo ulizaa neno kansela, ambaye asili yake ni karani aliyekaa penye fito za mahakama ya Kirumi.

Mgawanyo huo wa jengo uligawa pia gharama. Kwa desturi, waumini walikarabati ukumbi wao, na rekta, yaani mpokeaji wa zaka kuu, alikarabati eneo la madhabahu. Zaka nyingi zilimilikiwa na monasteri. Henry VIII alipozivunja kati ya 1536 na 1540, haki hizo ziliingia mikononi mwa walei pamoja na wajibu ulioambatana nazo. Karne mbili baadaye, mashamba ya pamoja yalipogawanywa na kuzungushiwa ua, mara nyingi zaka ilifidiwa kwa ardhi, na wajibu wa ukarabati ukaifuata ardhi hiyo kwa kila aliyeirithi au kuinunua.

Kesi ya Aston Cantlow, Warwickshire, yadhihirisha uzito wa jambo hili. Ugawaji wa mwaka 1743 ulifungamanisha wajibu huo na ardhi ambayo baadaye ilikuwa sehemu ya shamba moja, na wenye shamba wakadaiwa chini ya sheria ya mwaka 1932. Mwaka 2003 Bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu, liliunga mkono dai la kanisa. Mwaka 2007 deni likakadiriwa kuwa zaidi ya pauni 180,000.

Mfasiri anayeandika “patakatifu” hakosei kiibada. Hata hivyo, katika hati ya ardhi neno hilo halimwonyeshi msomaji paa wala ukuta wa kukarabatiwa. “Eneo la madhabahu” lafaa zaidi, kwani lina mipaka inayopimika, mradi wajibu wenyewe utajwe kando yake. (Kamusi za usanifu huishia kwenye umbo la jengo.) Tangu tarehe 13 Oktoba 2013, wajibu ambao haujaandikishwa haumfungi tena mnunuzi anayelipa thamani ya ardhi na kusajili umiliki wake.