Mshirika Asiyefika: Vita vya Bandari ya Natal, 1842

Mwezi Machi 1842 ilitia nanga, katika ghuba ambayo leo ni bandari ya Durban, merikebu ya Kiholanzi iitwayo Brazilia, na ndani yake alikuwamo msimamizi wa shehena, Johan Arnold Smellekamp. Makaburu, waliokuwa wamekwisha asisi jamhuri yao ya Natalia, walimlaki kwa furaha kubwa, wakiamini kwamba mfalme wa Uholanzi angewatia katika himaya yake. Serikali ya Uholanzi baadaye ilimkana. Lakini wenye dhiki huamini upesi, na tamaa hiyo iliwazidishia ushupavu Kapteni Thomas Charlton Smith alipowasili mwezi Mei na askari wa Kiingereza wapatao 250.

Smith alikuwa ametoka kwa Wampondo. Desemba 1840 Makaburu waliwashambulia Wabhaca wa Ncaphayi kwa tuhuma ya wizi wa ng'ombe, na Faku, mfalme wa Wampondo, akihofu kwamba zamu yake i karibu, aliomba hifadhi kwa serikali ya Waingereza ya Cape, nayo ndiyo iliyompeleka Smith huko.

Usiku wa tarehe 23 Mei, mwezi ukiwaka, Smith alipita ufukoni kuelekea kambi ya Makaburu ya Congella na mizinga iliyokokotwa na ng'ombe, mzinga mmoja ukifuata kwa mashua. Mashua haikuwahi. Makaburu walijibanza katika mikoko, na aliyezoea mikoko ya Lamu au ya Rufiji anajua jinsi inavyomsitiri mtu. Wakafyatua bunduki, ng'ombe wakapatwa na kiwewe, na askari wakarudi nyuma wakiiacha mizinga yao. Andries Pretorius, jemadari wa Makaburu, akaihusuru ngome ya Smith kwa muda wa mwezi mzima, hata waliokuwamo wakala nyama ya farasi iliyokaushwa.

Tarishi aliyekwenda Grahamstown kuomba msaada, masafa ya kilomita 960 hivi kwa siku kumi, alikuwa Dick King, pamoja na kijana Ndongeni. Walivuka ghuba usiku, farasi wao wakiogelea nyuma ya mashua. Ndongeni, aliyepanda farasi bila tandiko, alilazimika kurudi njiani. Mwaka 1915 King alisimamishiwa sanamu kando ya ghuba, naye Ndongeni hayumo. Nami naona hiyo ni dhuluma, kwa kuwa hatari ya usiku ule waliishiriki wote wawili.

Tarehe 26 Juni askari wa manowari Southampton waliteremka pwani, na Makaburu wakatawanyika. Smellekamp aliporejea Mei 1843 alizuiwa hata kushuka nchi kavu, na mwezi huohuo Natal ilitangazwa kuwa milki ya Uingereza. Alibaki Mpande, mfalme wa Wazulu, ambaye Makaburu ndio waliomsaidia kumshinda nduguye Dingane mwaka 1840. Huyu naye, Oktoba 1843, alipatana na mjumbe wa Waingereza, Henry Cloete, kwamba mto Thukela uwe mpaka baina yao, na Makaburu wengi wakafunga magari yao, wakaipanda Drakensberg.